Tuzo, jukwaa, ruzuku, cheti au tasnifu: njia tano za kumtambua mwanafunzi mtafiti anayefanya kazi na jamii

Shule nyingi za uzamili zikishakubali kwamba wanafunzi wanaofanya utafiti pamoja na jamii wanastahili kutambuliwa, hukimbilia tuzo. Linatafutwa jina zuri, inaundwa kamati, tangazo linatoka. Miaka michache baadaye maombi yamepungua, washindi wanatoka idara zilezile, na mwanafunzi anayekaa miezi mingi na wavuvi, na wagonjwa au na wapangaji bado anaambiwa na msimamizi wake kwamba anajichelewesha kumaliza.

Tuzo ni moja tu kati ya njia tano zinazotumika vyuoni. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mjumbe wa kamati anayetakiwa kuchagua, na kwa mwanafunzi anayejiuliza nguvu zake azielekeze wapi. Msimamo wangu niuseme mapema: njia yenye nguvu kuliko zote ni kuihesabu kazi hiyo ndani ya shahada yenyewe, ingawa haina sherehe wala picha. Hata hivyo si kila kitivo kinaweza kuanzia hapo, na kila njia ina mahali inapofaa.

Kazi mbili, vigezo viwili

Matangazo mengi huunganisha utafiti shirikishi na usambazaji wa maarifa nje ya chuo kana kwamba ni kazi moja. Mwanafunzi wa fizikia anayeandaa vipindi vya redio kuhusu nyota anasambaza maarifa, na anafanya jambo jema, lakini hakuna msikilizaji aliyemtaka abadili swali la utafiti wake. Mwanafunzi wa afya ya jamii aliyekaa na wakunga, wakamweleza kwamba swali alilokuja nalo silo linalowasumbua, akalibadili, wakakusanya takwimu pamoja naye na kuyasoma matokeo kabla ya watahini, amefanya kazi ya aina nyingine. Huenda hana video hata moja mtandaoni. Wakiwekwa kwenye shindano moja lenye vigezo vilevile, mmoja wao ataonewa, na mara nyingi atakuwa yule wa pili, kwa sababu idadi ya wasikilizaji inahesabika na uaminifu wa wakunga hauhesabiki.

Tofauti hii ina historia. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa sera za umma wa Marekani, alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane. Chini kabisa watu wanachezewa tu, juu kabisa wao ndio wenye madaraka. Kupewa taarifa na kuulizwa maoni viko katikati, na miradi mingi inayojiita shirikishi huishia hapo. Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa moja ya sehemu ambako utafiti shirikishi ulijengwa: watafiti Budd Hall na Marja-Liisa Swantz walifanya kazi Dar es Salaam wakihoji thamani ya madodoso ambayo mwanakijiji anajibu na kuyasahau, na mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo ukawakutanisha watafiti na wanavijiji kama washirika. Mwaka 1977 mwanasosholojia Orlando Fals Borda na wenzake walikutana Cartagena, Kolombia, kwa hoja zinazofanana na hizo. Swali lao kubwa lilikuwa nani anaamua kinachochunguzwa na nani anamiliki kinachopatikana.

Vyuo vilichukua muda kulikubali hilo katika mizani yao rasmi. Mwaka 1990 mtaalamu wa elimu Ernest Boyer aliviambia vyuo vya Marekani kwamba usomi una sura nne: kugundua, kuunganisha, kutumia na kufundisha. Sura ya kugundua ndiyo iliyokuwa inapandisha watu vyeo peke yake, na katika vyuo vingi hali bado iko karibu na hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizi, kamati iamue inataka kuitambua kazi ipi kati ya hizo mbili. Ikizitaka zote, iweke vigezo viwili tofauti na, ikiwezekana, mafungu mawili tofauti.

Jukwaa la dakika tatu

Shindano linalojulikana zaidi ni Three Minute Thesis, lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Mwanafunzi anapewa dakika tatu na slaidi moja isiyosogea kueleza utafiti wake kwa wasio wa fani yake. Akizidisha muda anaondolewa. Wanaotumia Kifaransa wana toleo la sekunde 180 lililoanzia Quebec mwaka 2012. Baraza la Kanada linalofadhili utafiti wa sayansi za jamii na utu lina shindano la Storytellers, la dakika tatu au maneno 300. FameLab, shindano la kueleza sayansi kwa umma, ilianza mwaka 2005 kwenye tamasha la sayansi la Cheltenham, Uingereza. Yako hata mashindano ya kuieleza tasnifu kwa kuicheza ngoma, tangu 2008.

Kwa unafuu wa gharama, hakuna inayoishinda njia hii. Inahitaji ukumbi, saa na waamuzi. Mwanafunzi analazimika kuacha istilahi anazojifichia na kusema wazi kitu alichokigundua, na wengi wakishafanya hivyo hata sura yao ya utangulizi inanyooka. Kama mafunzo, ningependa kila mwanafunzi wa uzamivu ayapitie.

Kama njia ya kutambua utafiti na jamii, jukwaa halitoshi. Linapima usemaji, na usemaji wa lugha ya chuo. Mwanafunzi aliyekaa miaka miwili akijifunza kuzungumza na wazee kwa lugha yao na kwa mwendo wao hapati alama kwa hilo. Anaweza hata kupoteza alama kwa kusita anapotafsiri. Halafu jamii yenyewe haimo ukumbini. Utafiti ulioanza kwa kikao kilichovunjika, ukaendelea kwa miezi ya kuaminiana polepole na kwa makubaliano yaliyobadilika mara kadhaa, ukibanwa ndani ya dakika tatu unabaki na sura mbili: mwanafunzi shujaa na watu wenye shida. Wakunga wale wakiisikia hotuba hiyo wanaweza wasijitambue. Hili ni dhara, na kamati inapaswa kulihofia kuliko inavyohofia hotuba mbovu.

Ukilichagua jukwaa, basi lipe jina lake halisi, yaani shindano la kueleza utafiti, na uruhusu lugha ya wale waliotafitiwa pamoja na mkalimani kwa waamuzi. Duru ya pili ikifanyika mbele ya wanajamii wenyewe, wao ndio watoe alama ya kama wameelewa na kama wamesemewa kwa haki.

Tuzo ya mwaka

Tuzo ina nguvu moja ambayo jukwaa halina: inasoma kazi nzima. Kamati inaweza kudai maelezo ya namna swali lilivyopatikana, barua ya mshirika wa jamii, nakala ya ripoti iliyorudishwa, ushahidi wa kilichobadilika. Ikitolewa na mkuu wa chuo mbele ya wakuu wa vitivo, inawaambia wasimamizi kwamba kazi hii ina heshima. Kwa mwanafunzi anayetafuta kazi, mstari mmoja kwenye wasifu unasaidia kweli.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inakuja baada ya kazi. Aliyeweza kuifanya kazi hiyo bila msaada ndiye anayeweza kuishinda: aliye na mwenza mwenye mshahara, aliyepata msimamizi mwenye mradi mkubwa, asiye na watoto wa kulea wakati wa safari za utafiti. Yule aliyeiacha nusu kwa kukosa nauli hayumo kwenye orodha ya waombaji, na kamati haitajua kamwe kwamba alikuwepo.

Kisha kuna suala la nani anayependekeza. Ikiwa ni msimamizi tu, watapendekezwa wanafunzi wa wasimamizi wanaopenda kuandika barua. Ikiwa ni mwanafunzi mwenyewe, wanyenyekevu watakaa kimya. Ningependa mshirika wa jamii aweze kupendekeza, kwa lugha yake, na kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu kama kuandika ni mzigo. Lakini barua ya mshirika nayo isisomwe kwa upofu. Kiongozi wa kikundi ambaye bado anautegemea mradi hayuko huru kusema kwamba mwanafunzi hakutimiza ahadi. Simu moja ya mjumbe wa kamati, akiuliza maswali ya kawaida kama vile mlikutana mara ya mwisho lini na matokeo mliyapata kwa njia gani, inafichua mengi kuliko kurasa tatu za sifa.

Vigezo navyo vinahitaji uangalifu. Idadi ya watu waliofikiwa ni kigezo kibaya kwa utafiti shirikishi; vikao vichache vya watu wachache vinaweza kuwa vimebadilisha zaidi kuliko mkutano wa hadhara. Maswali ninayoyapendekeza ni kama haya: kuna uamuzi gani wa utafiti ambao jamii iliubadilisha? Matokeo yaliyowaudhi washirika yalishughulikiwaje? Takwimu ziko wapi sasa, na nani anaweza kuzitumia? Mrejesho, yaani kuwarudishia wanajamii matokeo, ulifanyika lini, nani alikuwepo? Mwanafunzi aliyefanya kazi kweli hujibu maswali haya kwa urahisi, hata asiyejua kujisifu.

Mambo mengine mawili husahaulika. Kwanza, muda. Mrejesho wa maana hufanyika baada ya tasnifu kupita, wakati mwanafunzi si mwanafunzi tena. Tuzo inayowakataa waliohitimu inawanyima walewale waliorudi kutimiza ahadi. Mwaka mmoja au miwili ya nyongeza inatosha. Pili, fedha zigawanywe. Ikiwa kazi ni ya pamoja, hundi moja yenye jina la mwanafunzi peke yake inaanzisha ugomvi pale palipokuwa na ushirikiano. Sehemu ya kikundi iandikwe kwenye masharti tangu mwanzo, na wajumbe kutoka nje ya chuo wanaokaa kwenye kamati walipwe posho kama wenzao.

Ruzuku ndogo kabla ya kazi

Hapa mjadala unabadilika, kwa sababu ruzuku inaamua nani ataingia.

Tazama bajeti ya kawaida ya utafiti wa uzamili. Ina nauli ya kukusanya takwimu, kuchapa madodoso, labda programu ya kuchambulia. Inaishia takwimu zinapokusanywa. Haina kifungu cha ziara za mwanzo, zile ambazo mwanafunzi haendi na dodoso bali anaenda kujitambulisha na kuuliza kama anatakiwa. Haina malipo ya wanajamii wanaofanya kazi ya utafiti kama watafiti wenza. Haina mkalimani, wala ukumbi wa mrejesho, wala uchapaji wa muhtasari wa kurasa nne kwa lugha inayosomeka. Vitu hivi ndivyo vinavyotofautisha utafiti shirikishi na uchimbaji wa takwimu, na ndivyo visivyolipiwa. Mwanafunzi anayevifanya anavilipia mfukoni, na asiyeweza anaviruka huku akijua kwamba ameviruka.

Ruzuku ndogo inaliziba pengo hilo moja kwa moja. Fedha ambayo ingeishia kwa mshindi mmoja wa tuzo inaweza kugawanywa kwa wanafunzi kadhaa, kila mmoja akapata ziara za mwanzo na mkutano wa mrejesho. Pia ni utambuzi: kuchaguliwa kabla ya kazi, kwa ushindani, kunaandikwa kwenye wasifu vilevile. Faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii ni wenzao. Wanafunzi wa namna hii mara nyingi ni mmoja mmoja katika kila idara, hawajuani. Mpango wa PAGE wa mtandao wa Imagining America, Marekani, umejengwa juu ya wazo hilo: wanafunzi wa shahada za juu wanaoshughulika na jamii wanaunganishwa kuwa kundi linalosaidiana. Ukiwa na ruzuku, kuwakutanisha waliopata kila mwezi si gharama kubwa, na huenda ikawafaa zaidi ya fedha yenyewe.

Ugumu upo kwenye utawala. Idara ya fedha inataka stakabadhi, na aliyemvusha mwanafunzi kwa mtumbwi hana stakabadhi. Fedha zinachelewa hadi msimu wa utafiti unapita. Ripoti ya matumizi inakuwa ndefu kuliko ripoti ya utafiti. Kamati inayochagua njia hii ikae na mhasibu kabla ya kutangaza, ikubaliane naye juu ya fomu ya malipo yenye sahihi ya mpokeaji na kiwango ambacho chini yake stakabadhi haidaiwi. Bila mazungumzo hayo, ruzuku inageuka adhabu.

Jambo moja ningelisisitiza kuliko mengine: ruzuku itolewe kwa awamu mbili, na ya pili iwe ya mrejesho tu. Isiweze kuhamishiwa kwenye kifungu kingine, hata kazi ya uwandani ikizidi bajeti. Nimeona ahadi nyingi nzuri za mrejesho zikifia hapo, fedha zilipoliwa na awamu ya kwanza.

Hatari nyingine ni kutuza maandishi mazuri ya maombi. Mwanafunzi anaweza kuelewa vizuri lugha ya ushirikishwaji na asishirikishe mtu. Kinga ipo: omba mazungumzo mafupi na mshirika anayetajwa kabla ya kutoa fedha. Kama mshirika hajawahi kusikia jina la mwombaji, jibu limepatikana.

Cheti na mstari kwenye transkripti

Baadhi ya vyuo, Michigan State kikiwa mfano unaotajwa mara nyingi, vina cheti cha ushirikiano na jamii kwa wanafunzi wa shahada za juu. Mwanafunzi anapata mafunzo, anafanya kazi na jamii chini ya mlezi, kisha anaandaa jalada la kazi zake na kulieleza mbele ya watu. Akitimiza masharti, kinaandikwa kwenye transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo yake.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeshindwa kwa sababu mwenzake ameshinda. Waajiri wasio wa vyuo wanakielewa cheti kuliko wanavyoielewa tuzo yenye jina la mfadhili. Na mafunzo yake, yakiwa mazuri, yanamzuia mwanafunzi kwenda kwa watu bila maandalizi.

Lakini ni mzigo juu ya mzigo. Tasnifu iko palepale, masharti yake hayajabadilika, na sasa kuna jalada jipya la kuandaa. Ninakipendekeza mahali ambapo kozi zipo tayari na walimu wake wapo. Kuanzisha cheti kuanzia sifuri kwa ajili ya wanafunzi wachache ni kutumia nguvu ya miaka kwa jambo ambalo ruzuku ingelifanya muhula ujao.

Kuihesabu ndani ya shahada

Njia ya tano haina jina zuri. Ni kubadili kanuni za shahada ili kazi na jamii iwe sehemu ya kinachotahiniwa, siyo ziada inayovumiliwa.

Kwa vitendo, maana yake ni mambo ya kawaida kabisa. Kanuni ziruhusu sura ya tasnifu iliyoandikwa pamoja na washirika, ikiwa na maelezo ya nani alifanya nini. Ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya jamii, au mwongozo uliotumiwa na kituo cha afya, iweze kuwekwa ndani ya tasnifu pamoja na uchambuzi wake, badala ya kutupwa kwenye viambatisho. Jopo la watahini liweze kuwa na mtu mmoja wa uwandani mwenye ujuzi wa jambo hilo, asiye na uzamivu. Muda wa kujenga uhusiano uhesabiwe kwenye ratiba ya masomo, kama unavyohesabiwa muda wa kujifunza kutumia mashine ya maabara. Na kibali cha maadili kisiwe karatasi ya kutiwa sahihi mara moja.

Juu ya hilo la mwisho, jamii zenyewe zimeshasema. Mwaka 2017 Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za maadili kwa watafiti, zinazosimama juu ya heshima, ukweli, haki, kujali na utaratibu, na moja ya malalamiko yaliyomo ni watafiti walioahidi kuwaonyesha kazi kabla ya kuichapisha wasifanye hivyo. Mwaka 2019 zikatoka kanuni za CARE kuhusu takwimu za jamii za wenyeji wa asili: manufaa ya pamoja, mamlaka ya kudhibiti, uwajibikaji na maadili. Mwanafunzi anayezifuata kwa dhati anahitaji muda na anahitaji uhuru wa kubadili mpango wake. Chuo kisipobadili kanuni zake, kinamtaka azitii kanuni za jamii huku kikimhukumu kwa kanuni zinazopingana nazo.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba inamgusa msimamizi. Tuzo haimbadilishi msimamizi anayeamini kwamba vikao na wanajamii ni kupoteza muda. Kanuni inayosema vikao hivyo vinatahiniwa inambadilisha, au angalau inampa mwanafunzi kitu cha kushika wanapotofautiana. Tumeona jambo hili katika ngazi ya taasisi. Uingereza ilipoanza kupima athari za utafiti nje ya chuo katika tathmini yake ya kitaifa, athari zilibeba asilimia 20 ya alama mwaka 2014 na asilimia 25 mwaka 2021. Jambo ambalo awali lilikuwa hiari ya wachache likapata ofisi, wafanyakazi na bajeti. Azimio la DORA lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012, linalotaka watafiti wasipimwe kwa hadhi ya jarida walilochapisha, limefungua mlango huohuo upande wa ajira na vyeo.

Mifumo hiyo, hata hivyo, imejengwa kwa ajili ya taasisi na wahadhiri. Hadithi ya athari inaandikwa kwa jina la profesa, wakati aliyekaa na watu, aliyejibu simu zao usiku na kurudi na ripoti mkononi huwa mara nyingi ni mwanafunzi. Kitivo kinachojipatia alama kwa kazi hiyo kina deni la kumtaja.

Ugumu wa njia ya tano ni muda na siasa. Kanuni zinapita idara, kitivo, bodi ya shahada za juu na seneti. Mtahini wa nje asiyezoea anaweza kumwangusha mwanafunzi wa kwanza anayejaribu. Ndiyo maana ningeanza na mambo yasiyohitaji seneti: mwongozo wa idara kwa watahini, barua ya maelezo inayoambatana na tasnifu, na orodha ya watahini wanaoielewa kazi hii.

Jina kwenye chapisho

Nilitaja njia tano, lakini kuna utambuzi mwingine usiogharimu chochote, nao unakosekana kuliko yote: jina. Mwanafunzi aliyesimamia uhusiano wa uwandani kwenye mradi wa msimamizi wake anastahili kuwa mwandishi, siyo kushukuriwa kwenye mstari wa mwisho. Mfumo wa CRediT, unaotumiwa na majarida mengi, una aina 14 za michango, ikiwamo uchunguzi, usimamizi wa mradi na utunzaji wa takwimu, kwa hiyo hakuna tena kisingizio kwamba kazi hiyo haina mahali pa kuandikwa. Wanajamii waliochangia fikra nao wawe waandishi pale wanapotaka. Wanaopendelea majina yao yasitajwe, kwa usalama au kwa sababu zao nyingine, waheshimiwe vilevile, waulizwe, wasikisiwe.

Ukilazimika kuchagua

Kitivo kidogo kisicho na fedha kianze na kanuni za idara na majina kwenye machapisho. Hakihitaji mfadhili kwa hayo. Kikitaka tukio la kuonekana, kiongeze jukwaa, kwa masharti niliyoyataja.

Shule iliyopata mfadhili mmoja atakayetoa fedha kila mwaka ichukue ruzuku. Mfadhili atataka tuzo, kwa sababu tuzo ina sherehe. Mwonyeshe kwamba waliopata ruzuku wanaweza kusimama mbele ya watu mwisho wa mwaka, na jina lake litatajwa mbele ya wanajamii, siyo mbele ya wahadhiri peke yao. Wengi hukubali wakielezwa vizuri. Asipokubali, tuzo igawanywe: nusu itolewe mwanzo wa kazi na nusu baada ya mrejesho.

Chuo kikubwa chenye wanafunzi wengi wa uzamivu na kitengo cha ushirikiano na jamii kinaweza kuwa na njia zote, lakini mpangilio una uzito. Tuzo ikitangulia kanuni, wanafunzi wanapewa jumbe mbili zinazogongana: mkuu wa chuo anawapongeza na kamati ya maendeleo ya masomo inawaonya kwa kuchelewa. Nimewaona wanafunzi wazuri wakichoka kwa mgongano huo, wakarudi kwenye takwimu za mezani.

Kwa mwanafunzi ushauri wangu ni tofauti kidogo, kwa sababu kanuni huwezi kuzisubiri. Omba ruzuku kwanza, hata ndogo sana, kwa ajili ya ziara za mwanzo. Panda jukwaani mara moja, ujifunze kusema kwa ufupi, kisha usitumie mwaka mzima kukimbiza mashindano. Cheti kichukue kama kozi zake zinakufundisha kitu usichokijua. Tuzo iache ije mwishoni, lakini weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza: tarehe za vikao, maamuzi yaliyobadilika na aliyeyabadilisha, picha za mbao na karatasi za mikutano kwa ridhaa ya waliokuwepo. Utazihitaji kwa tasnifu hata kama hakuna tuzo.

Na kabla ya kwenda uwandani, kaa na msimamizi wako mwandike ukurasa mmoja: nani atakuwa mwandishi wa nini, miezi mingapi ni ya kujenga uhusiano, mrejesho utafanyika lini na kwa fedha ipi, takwimu zitabaki kwa nani. Mtie sahihi wote wawili, na nakala mpeleke kwa mratibu wa shahada za juu wa idara. Msimamizi akibadilika katikati ya masomo, jambo linalotokea mara nyingi, ukurasa huo ndio utakaomwonyesha anayekuja mlikubaliana nini.